Programu inasema vipande 9,665, taarifa ya mfuko inasema 6,493. Nifuteje vilivyojirudia?

Mwanaigoma (mleta uzi), #1

Wakuu, mwangaluka.

Naomba msaada kabla sijaharibu zaidi. Tangu Januari 2021 nanunua vipande vya mfuko mmoja wa uwekezaji wa pamoja, laki moja kila mwezi, natuma kwa simu. Hesabu zangu zote ziko kwenye GnuCash, ile programu ya bure ya uhasibu: benki, pesa za simu, SACCOS ya kazini na hivyo vipande.

Jumamosi mama watoto akauliza tumefikia wapi, maana nyumba ya Buswelu ina kuta na haina paa. Nikafungua kompyuta kwa mbwembwe: vipande 9,665.62, bei 1,080, jumla milioni 10.4. Akaanza kuhesabu bati palepale. Jumatatu nikaomba taarifa ya mfuko ili nijue utaratibu wa kuuza. Taarifa inasema vipande 6,493.92, yaani milioni 7 na vijisenti. Milioni 3.4 zimeyeyuka na hakuna aliyeiba, kwa sababu hazikuwahi kuwepo.

Nikiangalia orodha naona manunuzi mengi yameingia mara mbili. Mengine tarehe ileile, mengine yanapishana siku mbili tatu. Historia yenyewe ni hii:

2021 na 2022 niliandika kwa mkono, mwezi kwa mwezi. 2023 nilikuwa mvivu, nikaingiza mwaka mzima kwa mkupuo kutoka faili la CSV, lile la jedwali la maandishi matupu. Kompyuta ikafa, nikapata nyingine, nikafungua akaunti ndogo nikaiita "Vipande 2023" na kuingiza faili lilelile nikidhani halikuwemo. Baadaye nikaona akaunti ndogo haina maana, nikaifuta. Programu ikauliza miamala iliyomo iende wapi, nikasema iende akaunti kuu. Kuanzia Januari 2024 nikarudi kuandika kwa mkono, halafu mwezi huu nimepata CSV ya kuanzia hapo hadi Juni 2025, nikaiingiza yote ili "kuhakikisha".

Nimehakikisha kweli. Je, kuna kitufe cha kufuta vilivyojirudia kwa mara moja?

---

jiwe_kuu, #2

Mimi hesabu zangu ziko kwenye kauntabuku la kwaya mbili. Tangu lianze halijawahi kujirudia. Natulia kwenye mwamba hapa nasoma.

---

Mama Dagaa Kirumba, #3

@jiwe_kuu wewe usidanganye watu. Daftari linajirudia sana. Hapa Mwaloni mteja akichukua magunia matatu ya dagaa kwa mkopo, mimi naandika, kijana wangu naye anaandika kwenye daftari la stoo, jioni tukijumlisha madaftari mawili mteja anadaiwa magunia sita. Nimeshagombana na Mkongo mmoja wa watu kwa ajili hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba daftari halina sura ya kisomi, kwa hiyo ukiliona limekosea hushangai.

Mleta uzi pole baba. Mkeo ameshanunua misumari?

---

Mwanaigoma, #4

@Mama Dagaa Kirumba bado, ila ameshaongea na fundi. Hapo ndipo penye shida yenyewe.

---

Karani_Mstaafu, #5

Kijana, kitufe hicho hakipo, na hata kingekuwepo nisingekushauri ukibonyeze. Nimekaa kwenye vitabu vya hesabu miaka 31, nisikilize.

Kompyuta haijakosea kitu. Uliiambia jambo moja mara mbili, nayo ikakuamini mara mbili. Pesa moja ikitoka mfukoni mwako kwenda kwenye vipande inaacha mashahidi watatu: taarifa ya simu inayosema laki imetoka, ujumbe uliokuja kwenye simu yako ukaandika kwa mkono, na taarifa ya mfuko inayosema vipande kadhaa vimeingia. Mashahidi hawa hawasemi tarehe moja. Simu inasema siku uliyotuma. Mfuko unasema siku vipande vilipopangiwa bei. Ukituma Ijumaa jioni, mfuko unaweza kusema Jumatatu au Jumanne. Ukiwaingiza mashahidi wote watatu kitabuni bila kuwakutanisha, unapata manunuzi matatu.

Kwa hiyo una magonjwa mawili tofauti, usiyape dawa moja.

La kwanza ni la 2023: faili moja limeingia mara mbili. Hapo kila kitu kinafanana, tarehe, kiasi, vipande hadi desimali. Programu ilishindwa kukuonya kwa sababu kilinganishi chake, kile kinachokagua kama muamala unaoingizwa tayari upo, kinatafuta ndani ya akaunti unayoingizia tu. Wewe ulifungua akaunti mpya tupu, haikuwa na kitu cha kulinganisha. Ulipoifuta ukayamwaga yote kwenye akaunti kuu, wakati huo kilinganishi kimeshalala.

La pili ni la 2024 na 2025: maandishi ya mkono na mistari ya faili yanaeleza jambo moja kwa tarehe mbili.

Sasa sikia la msingi. Usitafute vilivyojirudia. Jicho la mtu anayetafuta kujirudia linaona kujirudia kila mahali. Fanya kinyume chake: chukua taarifa ya mfuko, fungua dirisha la kusuluhisha hesabu la akaunti ya vipande, weka salio la mwisho 6,493.92. Akaunti ya aina hii husuluhishwa kwa idadi ya vipande, si kwa shilingi, na ndivyo inavyotakiwa. Halafu soma taarifa mstari kwa mstari, kila mstari utafutie mwenzake mmoja kitabuni, mmoja tu, umwekee alama. Ukimaliza mistari yote ya taarifa, kilichobaki kitabuni bila alama ndicho cha ziada. Hapo ndipo unafuta, na unafuta kwa amani.

Swali: akaunti zako nyingine ziko sawa?

---

Mwanaigoma, #6

Asante mzee wangu. Benki iko sawa, SACCOS iko sawa. Ya simu iko sawa mpaka senti, ukiondoa laki moja ya Machi 2024 niliyoiandika "imepotea". Hiyo ni mambo ya kifamilia, tuiache.

Ila kusuluhisha mistari 50 na ushee mmoja mmoja ni kazi. Nikipanga kwa tarehe si nitaviona tu?

---

Karani_Mstaafu, #7

Utaviona. Na visivyokuwepo pia utaviona.

---

Kuponi25, #8

Naunga mkono mzee kwa mfano wa kwangu mwenyewe. 2021 nilinunua hatifungani ya serikali ya miaka 25 ya milioni 5, enzi zile riba ni asilimia 15.95. Kwa mwaka ni 797,500, na inalipwa mara mbili, kila nusu mwaka 398,750. Siku moja nikaamua kusafisha vitabu kama mleta uzi. Nikaona mwaka uleule, maelezo yaleyale, kiasi kilekile hadi shilingi ya mwisho, mara mbili. Nikafuta kimoja kwa kila mwaka. Nikajisifu kabisa.

Nilikuja kugundua nilipoona benki kwenye programu ina pesa pungufu kuliko benki yenyewe. Nilikuwa nimefuta nusu ya mapato yangu kwa sababu yanafanana na nusu nyingine.

---

jiwe_kuu, #9

Asilimia 15.95 na bado unalia humu? Mods mfungieni huyu, anatuumiza roho.

---

Mama Dagaa Kirumba, #10

Wa kwangu ni kinyume chake. Kujirudia ambako hakufanani.

Nina hisa 2,000 za CRDB. Hesabu naziweka Excel, binti yangu ndiye alinifundisha. Kampuni ikitangaza gawio mimi naandika hapohapo. La mwaka 2023 lilikuwa shilingi 50 kwa hisa, nikaandika 100,000. La 2024 shilingi 65, nikaandika 130,000. Hela ikiingia benki binti anaandika ilivyoingia: 95,000, na mwaka uliofuata 123,500. Mwisho wa yote karatasi ikasema nimepata gawio la 448,500 kwa miaka miwili. Nikasema hisa tamu hizi, niache dagaa.

Kumbe ni gawio lilelile. Kodi ya zuio ni asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa soko la hisa, inakatwa kabla hela haijanifikia. Kilichoingia mkononi ni 218,500. Sasa programu gani itajua kwamba 130,000 na 123,500 ni mtu mmoja kavaa nguo mbili? Hata mimi mwenyewe nilikaa miezi.

Siku hizi naandika mara moja tu, mistari mitatu pamoja: gawio 130,000, kodi 6,500, benki 123,500. Na naandika hela ikishaingia, si ikitangazwa.

---

Karani_Mstaafu, #11

Mama, umeeleza vizuri kuliko wahasibu wengi wenye vyeti. Niongeze jambo moja kwa wenye mifuko inayogawa gawio, kama Jikimu wa UTT, ile taasisi ya serikali ya mifuko ya uwekezaji. Ukichagua gawio lirudi kununua vipande, hakuna shilingi iliyopita benki. Ukiandika "nimenunua vipande kutoka benki" umeipunguza benki bure. Na ukiandika "nimepokea gawio benki" pia, ili kuirekebisha, sasa una waongo wawili wanaolingana. Hao ndio wabaya zaidi, maana salio linakubali.

---

Mwanaigoma, #12

Wakuu nimefanya jana usiku. Msinipige.

Ya 2023 yamekwenda vizuri. Manunuzi 12 yaliyofanana kila kitu, nimefuta, vipande 1,371.20 vimeondoka. Nikaingia 2024 na 2025. Nikasema taarifa ya mfuko ndiyo rasmi, kwa hiyo nibakize ya faili nifute ya mkono. Nimefuta ya mkono 18. Nikafurahi. Halafu nikatupia jicho akaunti ya simu: ina milioni 1.8 ambazo simu yenyewe haizijui.

Na kuna akaunti imejitokeza inaitwa sijui "isiyolingana" kwa shilingi, nayo ina hasara yake. Nimerudi nyuma kuliko nilikoanzia.

---

Binti Malimbe, #13

Kaka pole, hiyo ni kawaida kwa GnuCash, wala hujaua kitu. Kila muamala una pande mbili au zaidi. Uliyoandika kwa mkono ilikuwa na upande mmoja kwenye simu, laki imetoka, na upande wa pili kwenye vipande. Ukifuta kwenye vipande unafuta muamala wote, na upande wa simu unaondoka nao. Ndiyo maana simu imejaa hela. Ile ya faili ilikuwa inajua vipande tu, haikujua hela imetoka wapi, kwa hiyo programu ikaubandika upande wa pili kwenye akaunti ya visivyolingana.

Kurudi nyuma: faili lako ni la kawaida au ulichagua kuhifadhi kama hifadhidata ya SQLite? Kama ni la kawaida, kila ukihifadhi programu inaacha nakala ya zamani kwenye folda ileile, jina lake lina tarefu ndefu ya mwaka, mwezi, siku, saa. Kwa kawaida inatunza za siku 30. Funga programu, tafuta nakala ya baada ya kufuta ya 2023 na kabla hujagusa 2024, inakili mahali pengine, fungua hiyo.

*tarakimu ndefu, siyo "tarefu". Simu hii.

---

jiwe_kuu, #14

Tarefu. Neno jipya, nimelichukua.

---

Mwanaigoma, #15

Ni faili la kawaida. Nimeipata nakala ya saa 4:12 usiku. Binti Mungu akubariki, uje Igoma nikununulie sato.

Sasa nibakize ipi? Ya mkono au ya faili?

---

Karani_Mstaafu, #16

Bakiza ya faili. Ina tarehe ya mfuko. Upande wake wa pili uhamishe kutoka kwenye visivyolingana uupeleke kwenye simu. Ndivyo tulivyofundishwa: hati ya nje ina uzito kuliko maandishi ya mwenye mali.

---

Binti Malimbe, #17

Shikamoo mzee, hapo naomba nitofautiane nawe kidogo.

Kubakiza ya faili kuna faida kubwa kama faili ni OFX, aina ya faili la miamala linalotolewa na taasisi za fedha, kwa sababu kwenye OFX kila muamala una namba yake ya pekee kutoka kwa taasisi. Programu inaitunza hiyo namba, na ukija kuingiza faili lilelile tena inautambua mara moja. CSV haina kitu hicho, QIF, aina ya zamani ya faili la miamala, nayo haina. Zenyewe ni tarehe na kiasi tu, kwa hiyo mwakani akiingiza tena programu itakisia upya kwa kuangalia kiasi na ukaribu wa tarehe. Na hii CSV ya kaka, kama nimeelewa, ameichapa mwenyewe Excel kutoka kwenye PDF.

Ya mkono tayari imeungana na simu, na simu ameshaisuluhisha. Kubadilisha pande 18 ni kujitafutia makosa 18. Abakize ya mkono, afute ya faili, na kama anataka tarehe ya mfuko aiandike kwenye maelezo.

---

Karani_Mstaafu, #18

Marahaba mwanangu. Kwa faili alilochapa mwenyewe, umenishinda. Hilo si hati ya nje, ni mwandiko wake uliovaa suti. Abakize ya mkono.

Lakini taarifa halisi ya mfuko, ile PDF, aiweke mezani. Narudia: aweke alama mstari kwa mstari.

---

Kuponi25, #19

Na siku nyingine ukiingiza faili, usikubali kila kitu kwa kasi. Kile kidirisha cha kulinganisha kina herufi pembeni ya kila mstari. A maana yake ongeza kama mpya. C maana yake tayari upo, utie alama tu. Nina hakika uliona safu nzima ya A ukabonyeza sawa huku unaangalia mpira.

---

Mwanaigoma, #20

Yanga walikuwa wanacheza. Tuendelee.

---

*(Siku mbili baadaye)*

Mwanaigoma, #21

Nimemaliza. Nimebakiza ya mkono, nimefuta ya faili. Simu haijaguswa, iko palepale. Akaunti ya visivyolingana sifuri.

Lakini sasa vipande ni 6,387.54. Taarifa inasema 6,493.92. Nilikuwa na zaidi, sasa nina pungufu ya 106.38. Nimehesabu mara tatu. Ni kitu kidogo, kama laki moja na elfu kumi na tano hivi kwa bei ya leo. Nafikiria niandike tu muamala wa marekebisho wa 106.38 nifunge ukurasa. Mama watoto anasubiri jibu.

---

Kuponi25, #22

Marekebisho ni kaburi, mkuu. Ukiandika leo, miaka mitatu ijayo hutajua ulizika nini.

---

Karani_Mstaafu, #23

Hukuweka alama mstari kwa mstari. Ulipanga kwa tarehe ukafuta kwa macho. Sema kweli.

---

Mwanaigoma, #24

Kweli mzee.

---

Karani_Mstaafu, #25

Basi. Tofauti ikiwa na desimali zake namna hiyo, hayo si mabaki, ni muamala mmoja mzima unaokuita. Wewe unanunua kwa laki moja kila mara. Gawa 100,000 kwa 106.38 unapata bei ya 940 kwa kipande. Fungua taarifa, tafuta siku ambayo bei ilikuwa 940, utuambie umefuta nini.

---

Mwanaigoma, #26

Tarehe 14 Machi 2024. Kwenye taarifa ya mfuko siku hiyo ina mistari miwili. Yote laki moja, yote bei 940, yote vipande 106.38.

Nakumbuka niliiona. Kitabuni mwezi huo ulikuwa na miamala mitatu: mmoja wa mkono, miwili ya faili. Nikasema hii CSV nayo nimejichanganya nikachapa mara mbili, nikafuta yote miwili ya faili.

Lakini mimi sinunui mara mbili kwa mwezi.

---

Mama Dagaa Kirumba, #27

Baba, si ulisema kuna laki moja ilipotea kwenye simu? Mwezi gani ule?

---

Binti Malimbe, #28

Machi 2024. Ujumbe namba 6.

---

jiwe_kuu, #29

Eeeh.

---

jiwe_kuu, #30

Mleta uzi uko wapi?

---

*(Kesho yake)*

Mwanaigoma, #31

Nipo wakuu. Jana nilishindwa kuandika.

Tarehe 14 Machi 2024 ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa Kigongo nasubiri kivuko, nakwenda Sengerema msibani, daraja lilikuwa bado linajengwa. Foleni ndefu, nikasema nitume vipande vyangu kabisa kabla sijasahau. Nikatuma, ujumbe haukurudi, mtandao unakuja unakatika. Tukavuka. Upande wa Busisi mtandao ukakaa vizuri, nikatuma tena, ujumbe ukaja. Nikaandika kwenye programu mara moja, kwa sababu kichwani mwangu nilituma mara moja.

Kumbe ile ya kwanza ilipita. Nadhani ujumbe wake uliingia usiku nikiwa msibani, nikaupita nikidhani ni uleule. Mfuko wenyewe uliandika haki: mara mbili.

Jumapili niliporudi nikasuluhisha akaunti ya simu, nikakuta simu ina laki moja pungufu kuliko kitabu. Wakati ule mdogo wangu alikuwa anaishi kwangu, anatafuta kazi, na namba yangu ya siri anaijua, mimi ndiye niliyempa ili awe ananilipia umeme. Nikamuuliza, akakataa. Nikamuuliza mbele ya watu, akakataa. Sikuomba taarifa ya simu ambayo ingeonyesha ilikokwenda, nilikuwa nimeshahukumu. Nikaandika kwenye programu: "imepotea". Kwa mdomo nilisema neno jingine.

Aliondoka wiki iliyofuata. Yuko Nansio, ana mtumbwi wa dagaa na wenzake wawili. Kwenye simu tunasalimiana tu, shikamoo, marahaba, basi.

---

Karani_Mstaafu, #32

Pole mwanangu.

Kwa upande wa kitabu, usiongeze muamala mpya. Fungua ule wa "imepotea". Upande wa simu uache ulivyo, laki moja imetoka, ni kweli ilitoka. Upande wa pili uondoe kwenye matumizi uupeleke kwenye vipande: vipande 106.38, bei 940. Tarehe uirudishe 14 Machi.

---

Mwanaigoma, #33

Nimefanya mzee. 6,493.92. Nimesuluhisha na safari hii nimeweka alama mstari kwa mstari, mistari 55, nimetumia saa nzima na chai vikombe viwili. Haikubaki hata mmoja.

---

Mama Dagaa Kirumba, #34

Na Nansio?

---

Mwanaigoma, #35

Nimekata tiketi ya meli ya kesho asubuhi. Sijampigia. Nikimpigia ataniuliza kuna nini, na mimi kwenye simu sitaweza.

---

Mama Dagaa Kirumba, #36

Vizuri. Ukifika umwombe radhi mbele ya watu, kama ulivyomuuliza.

---

Kuponi25, #37

Wakati tunasubiri: Binti, mimi nina faili za QIF za tangu 2016 kutoka programu ya zamani. Kama hazina namba za pekee, nikitaka kuzihamishia GnuCash niingize mwaka mmoja mmoja au zote kwa pamoja?

---

Binti Malimbe, #38

Faili zote kwa pamoja, kaka. Kiingizaji cha QIF kinakubali kupakia faili kadhaa kabla ya kumaliza. Ukiingiza benki leo na vipande kesho, kila uhamisho kati yao utaletwa na pande zote mbili na unaweza kuupata mara mbili. Na nakili faili lako kwanza, lenye tarefu.

---

jiwe_kuu, #39

Tarefu imeingia kwenye lugha rasmi.

Mleta uzi, na bati je?

---

Mwanaigoma, #40

Mama watoto amepiga hesabu upya kwa milioni 7. Ametoa varanda, amepunguza chumba cha wageni. Nimemwambia na habari ya mdogo wangu, akanyamaza muda mrefu, halafu akasema chumba cha wageni kirudi, varanda ndiyo isubiri.